Umbo na Jina: Uhakiki wa Istilahi za Viunganishi vya Kompyuta

Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliundwa London mwaka 1906, na katika orodha ya kamati zake za ufundi ile yenye namba 1 si ya mashine wala ya nyaya, bali ni kamati ya istilahi. Mwaka 1938 Tume hiyo ilitoa toleo la kwanza la msamiati wake wa kimataifa wa umeme. Wahandisi wale walitambua kwamba watu wawili hawawezi kupatana juu ya kipimo cha kitu kabla ya kupatana kitu chenyewe kinaitwaje. Twaanza na habari hii kwa sababu viwango vingi vya vifaa vya kompyuta vya miaka 30 iliyopita, hasa vya viunganishi, vilitungwa kwanza na makampuni yaliyoungana kwa ajili ya biashara, ndipo baadaye vikafikishwa mbele ya Tume. Twakusudia kuonyesha kwamba katika mwendo huo ufundi umepata faida kubwa, lakini majina yameharibika. Na kwamba mtafsiri wa Kiswahili anayeyachukua majina hayo jinsi yalivyo huuchukua na uharibifu wake.

Neno kiunganishi lenyewe huenda likamshtua mwalimu wa sarufi, kwa kuwa kwake viunganishi ni na, au, ila na wenzao. Hatuoni hatari yoyote. Hakuna fundi atakayejaribu kuchomeka ila katika kompyuta, wala mwanafunzi atakayeihesabu pini ya shaba kuwa ni aina ya neno. Uwanja wa matumizi hutenga maana, na istilahi nyingi tulizozizoea zimepona kwa njia hiyo hiyo.

Jina jema la kiunganishi latakiwa lifanye nini? Tazama plagi ya ukutani iliyoenea Tanzania, Kenya na Uganda, ile yenye pini tatu za mstatili. Asili yake ni kiwango cha Uingereza BS 1363, kilichotolewa mwaka 1947. Pini ya ardhi ni ndefu kuliko mbili nyingine, nayo ndiyo inayofungua vifuniko vilivyo ndani ya soketi ili wenzake wapate kuingia. Na ndani ya plagi mna fyuzi isiyozidi ampea 13. Mtu akisema “plagi ya pini tatu”, muuza duka, fundi na mama mwenye nyumba wote wamekwisha kuelewa umbo, na kwa kuelewa umbo wameelewa pia umeme utakaopita. Umbo limeahidi uwezo, na ahadi yatimizwa kila siku.

Ndani ya kompyuta pia twauona uaminifu huu. Kadi za kumbukumbu za aina ya DDR4 na DDR5 zina migusano 288 kila moja, na kwa macho ya haraka zafanana kama pacha. Lakini ya kwanza hutumia volti 1.2 na ya pili volti 1.1, na kwa hiyo waliotunga viwango vyake waliusogeza ufa ulio katika ukingo wa kadi, ili moja isikubali kukaa mahali pa nyingine. Hata fundi asiyejua kusoma atakatazwa na ufa huo.

Si kila jina lenye kosa ni jina baya, na hapa yatubidi tuwe waangalifu, kwa maana wahakiki wa istilahi tuna ugonjwa wa kutaka kusahihisha kila kitu. Mwaka 1952 kampuni ya Cannon ya Marekani ilitoa jamii ya viunganishi ambavyo ganda lake lina sura ya herufi D. Herufi iliyofuata ilitaja ukubwa wa ganda: A kwa pini 15, B kwa pini 25, C kwa 37, D kwa 50, na E kwa 9. Kompyuta ndogo za kwanza za IBM zilitumia ganda la B kwa mawasiliano ya mfululizo, na watu wakazoea kutamka DB. Mwaka 1984 kampuni hiyo ilipotumia ganda dogo la pini 9 katika kompyuta yake ya AT, jina sahihi lilikuwa DE-9, lakini ulimwengu mzima ukaita DB-9, na waita hivyo hadi leo. Hali kadhalika kichwa cha waya wa mtandao, chenye migusano 8, huitwa RJ45, ingawa jina hilo lilikuwa la mpango maalumu wa nyaya za simu huko Marekani, na kichwa chake hakikuwa sawasawa na hiki.

Je, tuyapige vita majina haya? La. Bata mzinga si bata, na kila mfugaji ajua si bata. Hata hivyo hakuna aliyekwenda sokoni kutafuta bata mzinga akarudi na ndege mwingine. Jina lililokosea asili yake lakini likashikamana na kitu kimoja tu, mwaka hata mwaka, limeitimiza kazi ya istilahi. DB-9 humfikisha mnunuzi kwenye pini zake 9. Tulikubali, tupite.

Kosa tunalolihofia ni la namna nyingine, nalo liko katika kiwango kinachojulikana kuliko vyote, yaani USB. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, na nia yake ilikuwa ya kusifiwa: kuziondoa nyuma ya kompyuta zile tundu za kila sura, na kuweka moja kwa kibodi, kipanya, printa na vinginevyo. Ufundi ulifaulu. Lakini angalia walivyoita. Mwendo wa megabiti 12 kwa sekunde walioupata kwanza waliuita, kwa tafsiri yetu, “mwendo kamili”. Mwaka 2000 likaja toleo la 2.0, lenye megabiti 480. Maadam ukamilifu ulikwisha kutumika, mwendo mpya ukaitwa “mwendo wa juu”. Kwa hiyo katika lugha ya kiwango hiki kilicho kamili ni kidogo mara 40 kuliko kilicho juu. Mwaka 2008 ukaja mwendo wa gigabiti 5, ukapewa jina SuperSpeed, yaani uliopita kiasi. Tangu hapo kila mwendo mpya ungekuwa nje ya kiasi kilichokwisha kupitwa. Hii ndiyo hasara ya kuita kitu kwa sifa badala ya kukiita kwa kipimo: sifa huisha, vipimo haviishi.

Lililo baya zaidi lilifuata. Toleo la mwaka 2008 liliitwa USB 3.0. Mwaka 2013 lilipotoka toleo la 3.1, lenye gigabiti 10, makampuni hayakuliacha jina la zamani likae na kitu chake. Yalilibadili likawa USB 3.1 Gen 1. Toleo la 3.2 la mwaka 2017 likalibadili tena likawa USB 3.2 Gen 1. Kifaa ni kile kile, mwendo ni ule ule wa gigabiti 5, hakuna hata waya mmoja ulioongezwa. Lakini tarakimu zimepanda mara mbili. Mnunuzi aonaye 3.2 kwenye sanduku adhani amepata kipya. Mchapishaji wa kamusi ambaye mwaka 2010 aliandika fasili sahihi ya USB 3.0 amejikuta na ukurasa usioeleza tena chochote kilichomo dukani. Katika kazi yetu twaijua kanuni moja isiyo na mjadala, kwamba istilahi ikikwisha kutangazwa haihamishwi kutoka dhana moja kwenda nyingine. Dhana mpya ndiyo itafutiwe jina jipya. Hapa kanuni hiyo imevunjwa, na twaona shida kuamini kwamba ilivunjwa kwa kutojua.

Haki yataka tuseme kwamba mwaka 2022 jumuiya ya makampuni hayo ilijirudi kwa kiasi. Iliagiza kwamba sandukuni na kwenye waya paandikwe mwendo kwa tarakimu, gigabiti 5, 10, 20 au 40, na jina la SuperSpeed liachwe. Ni marekebisho mema, lakini majina ya kale bado yamo katika vitabu vya maelezo na katika vichwa vya wauzaji.

Pamoja na hayo, pana jambo ambalo tarakimu peke yake hazitibu. Mwaka 2014 ilitangazwa USB-C, kiunganishi kidogo cha migusano 24, 12 juu na 12 chini, kinachoingia kwa upande wowote. Kama umbo, twakihesabu miongoni mwa vyema vilivyopata kubuniwa. Lakini USB-C ni jina la umbo tu. Waya wenye umbo hilo waweza kupitisha megabiti 480 au gigabiti 40. Waweza kupeleka wati 60 au wati 240. Waweza kupeleka picha kwenye skrini au usiweze. Simu za iPhone 15 zilizotolewa mwaka 2023 ni mfano ulio wazi: simu za kawaida za jamii hiyo zilipewa mwendo wa megabiti 480, ule wa mwaka 2000, ilhali zile za Pro zilipewa gigabiti 10. Tundu ni moja, na kwa macho hakuna atakayeona tofauti. Ile ahadi tuliyoiona katika plagi ya pini tatu imekatika.

Wala si suala la kasi peke yake. Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa Google alianza kununua nyaya za USB-C madukani na kuzipima, akakuta nyingi zilizokosea. Kiwango chataka waya unaotoka kwenye tundu la zamani kwenda USB-C uwe na rezista ya kiloomu 56, ili simu isivute umeme kuliko ule ambao chanzo kinaweza kuutoa. Nyaya mbovu ziliwekwa rezista ya kiloomu 10, na simu ikadanganywa kwamba umeme upo tele. Kinachoweza kuungua ni chaja au kompyuta ya mwananchi aliyenunua waya kwa kuutazama kichwa chake tu. Huko Ulaya agizo la mwaka 2022 lililazimisha simu zote zinazouzwa tangu tarehe 28 Desemba 2024 ziwe na tundu la USB-C. Nalo, kwa busara, halikutosheka na jina la biashara, bali lilitaja kiwango kwa namba yake, 62680-1-3, na likataka alama ya kuonyesha kiasi cha wati kinachohitajiwa. Watunga sheria walikuwa waangalifu kuliko watunga majina.

Sasa tugeukie Kiswahili. Katika miswada ya istilahi inayopita mikononi mwetu twakuta njia mbili, na zote mbili zatusumbua. Njia ya kwanza hutafsiri sifa za biashara neno kwa neno, tukapata “mwendo kamili” na “mwendo wa juu” vilivyopinduka kama tulivyoonyesha. Njia ya pili huandika USB tu kwa kila kitu: tundu ni USB, waya ni USB, na kile kidude cha kuhifadhia majalada nacho ni USB. Mwanafunzi wa ufundi hufundishwa hivyo neno moja lisilo na maana moja.

Wauzaji wa simu mitaani walikuwa na busara kuliko sisi. Zamani za simu za Nokia walisema “chaja ya pini ndogo” na “chaja ya pini kubwa”, na hawakukosea. Walitaja umbo, na walijua kuwa wametaja umbo. Twapendekeza tuifuate njia yao: maneno ya umbo yawe mbali na maneno ya uwezo, na lisiwepo neno moja la kubeba yote mawili.

Kwa upande wa umbo twapendekeza kichwa na tundu, tukiacha dume na jike yanayotumiwa na baadhi ya mafundi. Hatuyakatai kwa ajili ya haya, bali kwa ajili ya USB-C yenyewe: ndani ya tundu lake mna ulimi uliosimama, na kichwa ni ganda lenye uwazi linaloufunika ulimi huo. Nani basi dume? Kichwa huingia katika tundu bila ya kuuliza swali hilo. Kwa kanuni za mazungumzo kati ya vifaa, itifaki yatosha. Na wale wanaocheka neno basi kwa njia ya pamoja ya data tungependa wajue kwamba basi la abiria na basi la umeme ni ndugu wa tumbo moja, kwani yote mawili yametokana na neno la Kilatini lenye maana ya “kwa wote”. Hata hivyo twakubali kwamba kwa Mswahili kicheko kitatangulia maana, na kwa sasa twaliacha neno hilo kando.

Fasili tunayoipeleka kamatini ni hii. USB-C: umbo la kichwa na tundu lenye migusano 24, linaloingia kwa pande zote mbili, jina hili halitaji mwendo, nguvu wala itifaki. Chini yake kila ingizo la waya litaje mambo mawili kwa tarakimu, gigabiti au megabiti kwa sekunde, na wati. Ingizo la M.2, tundu la ndani la kompyuta ambalo hupokea diski za itifaki mbili zisizosikilizana, liandikwe kwa mtindo huo huo. Mswada wake tuliupokea ukiwa na neno moja tu, “haraka”, nasi tumeurudisha.