"Mwinyi": Jina, Cheo na Dhihaka

Miongoni mwa majina ya watu yaliyoenea katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, ni machache yaliyobebeshwa mzaha kama Mwinyi. Jamaa nyingi zisizo na udugu wa damu hulitumia, ama peke yake, ama likiwa sehemu ya majina kama Mwinyihaji, Mwinyimkuu na Mwinyimvua. Papo hapo, katika mazungumzo ya mitaani, hasa Tanzania, kufanya jambo kimwinyi ni kulifanya kwa uvivu wa mtu aliyezoea kutumikiwa. Anayeambiwa "acha umwinyi" haambiwi ajiuzulu utawala. Anaambiwa ainuke akachote maji mwenyewe. Kicheko hiki huchukuliwa kuwa porojo isiyostahili kuhakikiwa. Hilo ni kosa.

Asili ya neno haina utata mkubwa. Mwinyi ni sura nyingine ya mwenye, na mzizi wake ni uleule wa -enye. Kwa kawaida mzizi huu hudai kijalizo: mwenyekiti ana kiti, na ndani ya Mwenyezi mna enzi. Mwinyi husimama peke yake. Ana nini? Neno halisemi, kana kwamba umiliki wake ni mkubwa kiasi cha kutohitaji kutajwa. Ndiyo sababu lilifaa kuwa cheo, kama alivyokuwa nacho Mwinyi Mkuu wa Unguja, ambaye ukoo wake wa kitawala ulikoma mwaka 1873. Misimu imeliona pengo hilohilo ikalijaza kwa kejeli: mwenye kuketi barazani, mwenye kungoja apakuliwe. Kisarufi, mzaha huu una werevu kuliko unavyodhaniwa.

Si sahihi, hata hivyo, kusema kwamba dharau imo katika wingi wa mamwinyi. Mabwana, mabibi na mashekhe huchukua ma- iyo hiyo wala hawadharauliki. Dharau ililetwa na historia. Azimio la Arusha la 1967 lilipoutangaza ukabaila kuwa adui, umwinyi, ambao ni jina jingine la hali hiyo, haukuweza kubaki na heshima yake ya zamani.

Mwandishi aliyetambua mapema thamani ya kifasihi ya mgeuko huo ni Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Jalada lenyewe ni kinaya. Mwinyi Fuad ni mwenye shamba mkatili, na mtumishi wake mzee anaitwa Kijakazi: jina la mmoja ni umiliki, la mwingine ni utumwa. (Fuad, kwa Kiarabu, ni moyo, msomaji na apime mwenyewe.) Kijakazi amtukuza bwana wake kwa utiifu usiotikisika, ilhali msomaji wa miaka ya Ujamaa tayari alisikia ndani ya cheo hicho sauti ya dhihaka. Neno moja lasikika kwa masikio mawili. Hapa mzaha wa mitaani umefanya kazi ambayo kurasa nyingi za maelezo zisingeweza.

Kulinganisha na lakabu ya Ali Hassan Mwinyi, Rais wa Tanzania tangu 1985 hadi 1995, kunafunza jambo. Jina lake lilikuwa na utani uliokwisha kuiva, lakini lakabu iliyodumu ni Mzee Rukhsa, iliyozaliwa na neno lililohusishwa na kulegezwa kwa masharti ya biashara enzi yake. Naye aliipokea, hata akaiweka katika anwani ya tawasifu yake ya 2021. Utani juu ya jina la ukoo humkuta mtu akiwa hajatenda lolote. Lakabu humpata kwa tendo lake. Ya pili ndiyo sanaa bora.

Palipo na hatari ni pale umwinyi unapoacha kuwa wa bwana na kuwa tabia ya watu wote wa pwani. Kamusi ikiziweka maana za ukabaila na uvivu bega kwa bega, bila kuonyesha ipi ni ya misimu, huipa chuki hiyo muhuri wa usanifu. Na kosa si la kimtindo tu. Katika pwani ya Kenya, Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wadai wa ardhi wajiandikishe, na baada yake Wamijikenda wengi, pamoja na wajukuu wa watumwa, walijikuta maskwota juu ya ardhi waliyoilima. Mkulima wa namna hiyo, akipumzika adhuhuri chini ya mkorosho usio wake kisheria, hucheka mpita njia na kumwita mwinyi. Mwenye nini?