Ustadi wa Kuuliza Mtu Alivyoanguka

Mgonjwa wa kifafa akifika kliniki huwa hana dalili ya kuonyesha. Ametembea mwenyewe, amesalimia, ameketi. Tukio limeshapita, na yeye hakuliona kwa kuwa fahamu zilimtoka. Kwa hiyo mtu wa maana zaidi chumbani ni yule aliyemsindikiza, na kifaa cha maana zaidi ni swali.

Ninamstahi sana afisa wa kliniki anayejua kuuliza. Haanzi na "Je, ana kifafa?" kwa sababu atapewa jibu la majirani. Huanzia mbali: "Mama, kabla hajaanguka alikuwa akifanya nini? Ulianza kuona nini, mkono au uso? Kichwa kiligeukia upande gani? Macho yalikuwa wazi au yamefumba?" Aliyezirai kwa kusimama sana juani husikia kizunguzungu, hupauka, hutoka jasho, kisha huzinduka upesi akijua alipo. Mwenye kifafa cha mwili mzima hukakamaa, hutukutika dakika moja au mbili, pengine hujiuma ulimi pembeni au hujikojolea, halafu huamka amechanganyikiwa, anataka tu kulala. Mkono mmoja ukitangulia kucheza, maswali huhamia kwenye sehemu moja ya ubongo: je, aliwahi kuumia kichwa? Je, huenda viluwiluwi vya tegu wa nguruwe vimejificha humo? Mashine ya kupima umeme wa ubongo husaidia, ila huweza kutoa picha safi kwa mtu ambaye ni mgonjwa kweli. Haiwezi kushika nafasi ya shahidi.

Elburgon, mji wa mbao nchini Kenya ulio ukingoni mwa msitu wa Mau, baridi huwavuta watu karibu na moto. Anayeanguka ghafla huweza kuangukia makaa, kwa hiyo muulizaji mzuri akiona kovu la kuungua hulitolea swali lake. Ushahidi nao huja kwa Kikuyu, Kikipsigis au Kiswahili, na mwingine huja nusunusu kwa aibu. Fundi wa mbao huligeuza gogo, akatazama fundo na nyufa zake, kabla ya kuwasha msumeno. Afisa naye huigeuzageuza habari ile ile mpaka ajue pa kuanzia.

Ustadi huu ulipata mizani ya kisayansi katika iliyokuwa wilaya ya Nakuru, ambamo Elburgon ulikuwamo. Mwaka 1988, J. Kaamugisha na A. T. Feksi walichapisha utafiti wa kuhesabu wagonjwa wa kifafa katika mji wa Nakuru na kandokando yake, wakilinganisha njia mbili zinazojitegemea. Naipenda tahadhari hiyo: katika ugonjwa unaofichwa nyumbani, hesabu moja huweza kudanganya bila nyingine kuisahihisha.

Kisha yakaja majaribio ya tiba, yaliyochapishwa mwaka 1991 katika jarida la The Lancet, Feksi na wenzake wakishirikiana na madaktari wa London. Wagonjwa 302 waligawanywa kwa kura, ili matakwa ya daktari yasichague. Wengine walipewa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ambayo Alfred Hauptmann alionyesha faida yake kwa kifafa mwaka 1912, wengine kabamazepini. Walihudumiwa kupitia huduma za afya ya msingi zilizokuwapo. Waliomaliza mwaka walikuwa 249. Katika miezi sita ya mwisho, asilimia 53 yao hawakuanguka hata mara moja, na asilimia 26 zaidi walipata nafuu. Dawa mbili hizo hazikupitana kwa maana yoyote.

Kupima nusu ya pili ya mwaka kuna busara yake. Dozi hupandishwa polepole, usingizi na uchovu huchunguzwa, na fenobabitoni huhitaji wiki kadhaa kutulia mwilini. Kuiacha ghafla ni hatari, kwani mitukutiko huweza kurudi mfululizo. Ndiyo maana kumfuatilia mgonjwa ni sehemu ya tiba kama kidonge chenyewe.

Matokeo mengine yaligusa imani ya zamani. Mwaka 1881 William Gowers wa London alifundisha kwamba kila mtukutiko huufungulia njia unaofuata, na wengi wakahitimisha kuwa aliyecheleweshwa tiba ameshapotea. Nakuru haikuonyesha hivyo: walioishi na ugonjwa miaka mingi, na walioanguka mara nyingi kabla ya tiba, waliitikia dawa kama wenzao.

Kwa hiyo afisa akiambiwa, "Huyu anaanguka tangu utotoni, tumeshazoea," hana sababu ya kuweka kalamu chini. Miaka ishirini bila dawa haimwambii kwamba dawa itashindwa. Ataandika dozi ndogo ya usiku na tarehe ya kurudi, kisha atauliza jina la atakayemkumbusha mgonjwa kumeza.