Modi si ngazi ya sauti

Tulisikia kule Mabalako, siku ya Pentekoste, Veni Creator ikiimbwa pamoja na kinanda. Waimbaji walikuwa hodari. Lakini sauti ya nne, ile fa, mpiga kinanda aliipandisha nusu, akafanya fa-diezi. Tulipomwuliza alijibu: wimbo unaishia sol, basi ni ngazi ya sol. Kosa hilo si lake peke yake. Sisi mapadri ndio tuliomfundisha hivyo.

Ngazi ni sauti zilizopangwa toka chini mpaka juu, basi. Modi ni namna ya kutembea juu ya ngazi ile: wapi wimbo unapumzika, wapi unakaa sana. Tazameni modi ya 1 na ya 8. Zote mbili zinatoka re mpaka re, sauti zile zile. Lakini ya 1 inapumzika juu ya re na kushikilia la. Ya 8, ndiyo ya Veni Creator, inapumzika juu ya sol na kushikilia do. Ukipandisha fa, modi inakufa, inabaki sol majeri tu.

Na nyimbo za wazee wetu Wanande je? Mtaguso, mwaka wa 1963, uliagiza muziki wa mataifa uheshimiwe. Sisi tunaziandika zote katika do majeri, upesi upesi. Mama mzee mmoja alituimbia wimbo wa kulima; tulipomfuata kwa kinanda, alinyamaza, akacheka, akasema huo si wimbo wake.