Runinga Mbili, Bima Moja, Majibu Mawili

Runinga yetu ya inchi 50 ilianguka Jumamosi asubuhi, mtoto alipovuta waya wa chaja uliopita nyuma ya meza. Bima ililipa. Miezi michache kabla ya hapo, runinga ya jirani wa ghorofa ya juu ilipigwa na mpira ndani ya nyumba. Alidai, akanyimwa. Sote tulikuwa na bima ya nyumba ya aina moja. Nimeyapitia madai yote mawili karatasi kwa karatasi, na kilichotutenganisha ni herufi moja.

Bima ya nyumba hapa Kenya hugawanywa kwa herufi. A ni jengo lenyewe, B ni vyombo vya ndani, C ni vitu vilivyoorodheshwa kimoja kimoja na kukingwa dhidi ya karibu kila hatari. Zinazofuata zinahusu wafanyakazi wa nyumbani na dhima kwa watu wengine. Sehemu B kwa kawaida hutaja majanga kwa majina: moto, radi, wizi wa kuvunja, bomba kupasuka. Mtoto kuangusha kitu hakumo humo. Runinga ya jirani ilikuwa B. Yetu tuliiweka C, pamoja na modeli, namba iliyo mgongoni mwake na thamani yake, tukaongeza malipo kidogo.

Hata hivyo, C peke yake haitoshi. Ajali lazima ithibitishwe, na shahidi mkubwa ni kioo chenyewe. Kikigongwa, huacha doa mahali pa pigo, na nyufa zikatawanyika kutoka hapo kama utando wa buibui. Runinga iliyochoka au yenye hitilafu ya ndani huonyesha mistari au giza, lakini kioo kizima. Uchakavu na hitilafu za mitambo kwa kawaida havifidiwi. Kwa hiyo hatukuifuta wala kuitupa. Tuliipiga picha ilipoangukia, tukapiga na namba ya mgongoni, tukaitoa risiti, tukaiarifu kampuni siku ile ile.

Katika fomu ya madai tuliandika yaliyotokea kwa mistari minne: saa ngapi, nani, waya gani, kitu kiliangukia wapi. Ripoti ya fundi ikasema jambo lile lile: kioo kimevunjwa na pigo, na gharama ya kukibadilisha ni hii. Mkaguzi wa kampuni alipokuja, maelezo, picha na ripoti vilikubaliana.

Mahali pengine panapoumiza watu ni thamani. Chukua mfano: runinga ina thamani ya shilingi 80,000, wewe umeiandika 60,000 ili upunguze malipo. Umeikatia bima robo tatu tu. Matengenezo yakiwa 40,000, mkataba wenye kanuni ya uwiano utakupa robo tatu, yaani 30,000. Kama kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe ni 5,000, unabaki na 25,000. Kile ulichokiokoa kwenye malipo ya mwaka kimekugharimu mara nyingi zaidi siku ya ajali.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kifungu cha mkataba kilichotumika. Usiporidhika, Mamlaka ya Kusimamia Bima hupokea malalamiko ya wateja. Lakini kwa jirani yangu hapakuwa na la kulalamikia: kampuni ilifuata mkataba alioutia sahihi bila kuusoma. Hilo ndilo linalonisikitisha, kwa sababu wakala aliyemuuzia angeweza kumweleza kwa dakika tano.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo jioni toa mkataba wako kabatini, tafuta runinga yako imeandikwa chini ya herufi gani na kwa thamani gani. Ikiwa iko B peke yake, mpigie wakala wako kesho asubuhi, runinga ikiwa bado nzima.