Ya Kale ni Dhahabu? Gitaa la Katanga na Masikio ya Walimu wa Kiswahili

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Methali hii husikika sana redio zinapopiga nyimbo za zamani, na husikika pia katika vyumba vyetu vya walimu kila tunapozungumzia muziki wa vijana. Kauli ni zile zile: nyimbo za enzi zetu zilikuwa na mafunzo, lugha yake ilikuwa safi, na muziki wenyewe ulikuwa wa asili. Makala haya yanakusudia kuipima kauli hiyo kwa kumtazama mwanamuziki mmoja ambaye wengi wa rika langu hapa Uganda tunamkumbuka kwa mapenzi makubwa, naye ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930. Alitokana na Wayeke wa Bunkeya, ambao mtawala wao mashuhuri, Msiri, alitoka Unyamwezi katika karne ya 19. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi. Santuri zake zilisambaa Afrika ya Kati na Mashariki, hasa ule wimbo wa "Masanga". Mwaka 1959 alifika Nairobi, akasikika redioni, na sauti yake ikatumika hata kutangaza dawa ya Aspro. Alifariki katika ajali ya barabarani nchini Zambia mwaka 1990.

Kwanza tumpe haki yake. Mwenda alipiga gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, kwa kutumia vidole viwili tu. Kidole gumba kilishika sauti nzito, na kidole cha shahada kikacheza sauti nyembamba juu yake. Asiyemwona angedhani wapigaji ni wawili. Sauti yake ya kuimba haikupanda wala kushindana na gitaa. Aliimba kama mtu anayezungumza na jirani yake barazani. Uzuri huo haukuletwa na kumbukumbu zetu. Umo katika santuri, na kijana anayemsikia leo kwa mara ya kwanza anaweza kuutambua bila kuelezwa.

Sasa tuje kwenye madai yetu. Dai la kwanza ni mafunzo. Msikilizaji anayetafuta katika "Masanga" hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho, pamoja na funzo la kuandika ubaoni, hataipata. Maneno yanaruka kutoka jambo moja hadi jingine, nalo gitaa ndilo linaloyaunganisha. Mwanafunzi akituletea leo wimbo wa namna hiyo, wengi wetu tutasema hauna maudhui. Kwa nini basi wa Mwenda tuusamehe? Bila shaka ni kwa sababu tuliupenda kabla hatujafundishwa kutafuta maudhui.

Dai la pili ni lugha, na hapa ndipo penye uzito kwa idara kama yetu. Kiswahili cha Mwenda ni cha miji ya migodi. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini na mitaani. Lugha hiyo ilichukua maneno ya Kifaransa na ya lugha jirani. Ngeli ya "watu" ikawa "batu", na "iko" ikabeba kazi ambazo Kiswahili sanifu huzigawa kwa maneno mengi. Hicho ndicho Kiswahili tulichokipenda utotoni na ambacho leo tunakiita safi.

Katika madarasa yetu wapo wanafunzi waliotoka Kongo ya Mashariki, wengine wakiwa wakimbizi. Wanapoandika "batu" tunapiga mstari mwekundu, na wanapofungua mdomo wenzao hucheka. Wengi wao huamua kunyamaza. Jioni mwalimu yule yule huwasha redio, akamsikia Mwenda, akatikisa kichwa kwa furaha na kusema kwamba siku hizi hakuna tena Kiswahili kama kile. Sisemi tuache kusahihisha. Mtihani ni wa Kiswahili sanifu, na tutamdhulumu mwanafunzi tukimwacha aende bila hicho sanifu. Lakini kumsahihisha mtu ni jambo moja, na kumwambia kwamba lugha ya mama yake ni kibovu ni jambo jingine. Mapenzi yetu kwa Mwenda yanatutaka tuwe wa mwisho kuitamka kauli hiyo.

Dai la tatu ni asili. Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Tarehe 25 Julai 1965, katika tamasha la nyimbo za kiasili la Newport, Marekani, Bob Dylan alipanda jukwaani na gitaa la umeme, na baadhi ya wasikilizaji wakamzomea. Muziki ule uliochanganya nyimbo za kiasili na roki, ambao wenyewe waliuita foku-roki, leo ndio unaowatoa machozi wazee wa huko wanapokumbuka ujana wao. Mwaka 1969 Mwenda naye alialikwa Newport. Ni rahisi kwa msikilizaji wa huko kuliona gitaa lake kavu kuwa sauti ya Afrika ya kale. Lakini kwao Katanga gitaa lilikuwa chombo kigeni cha vijana wa mjini, na wazee wengi walilihusisha na uvivu na ulevi. Mwenda mwenyewe hakufungwa na ukale wowote: alifanya kazi benki na katika kampuni ya madini, na aliongoza bendi yake, Super Shaba.

Tazameni basi neno letu "zilipendwa". Ni kitenzi cha kutendwa katika wakati uliopita, nacho kimemficha mtenda. Zilipendwa na nani? Zilipendwa na vijana, wakati wazee wao wakinung'unika kama tunavyonung'unika sisi leo. Tukimrudisha mtenda huyo mahali pake, methali yetu haipotezi ukweli wake, ila inatukumbusha kwamba dhahabu ya leo nayo ilichimbwa ikiwa na udongo.

Ni maoni yangu kwamba "Masanga" iingie katika somo la fasihi simulizi. Wanafunzi wausikilize wimbo mara tatu, wayaandike maneno kama yanavyosikika, kisha wayalinganishe na Kiswahili sanifu bila kicheko. Mwanafunzi wa kutoka Kongo awe msaidizi wa mwalimu siku hiyo, kwa kuwa huenda akasikia yale ambayo sisi wengine tumeyapita kwa miaka mingi. Wiki inayofuata kila mmoja alete wimbo wa rika lake, nao upimwe kwa kipimo kile kile: mpangilio wa sauti, uteuzi wa maneno na mahali ulipozaliwa. Baadhi ya nyimbo hizo zitaanguka. Zitakazosimama tuzisikilize vizuri, kwa maana wanafunzi hawa ndio watakaoziita dhahabu sisi tukiwa tumestaafu.