Mtafutaji na Jina la Kitu: Uhakiki wa Fahirisi ya Saikolojia kwa Mtazamo wa Usambara

Wahenga walisema, "Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata." Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba mtafutaji wa leo, aketiye mbele ya kompyuta ya maktaba, aweza kuchoka naye hajapata, tena akaondoka akiamini kuwa alichokitafuta hakipo duniani. Wala si kwa uvivu wake. Mara nyingi kitu kipo, ila amekiita kwa jina ambalo mwenye ghala hakukiandikia.

Ghala ninalolihakiki ni kanzidata ya makala ya saikolojia iitwayo PsycINFO, pamoja na kamusi yake ya istilahi. Kipimo changu ni mwanafunzi wa kubuni aliyeko Lushoto, atakaye kujua yaliyokwisha kuandikwa juu ya nafsi na akili za watu wa milima ya Usambara. Sikuichagua Lushoto kwa ajili ya baridi yake. Hapo kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, na hakimu atakayemsikiliza mtoto akitoa ushahidi ana haja ya kujua jinsi mtoto anavyokumbuka na anavyosahau. Karibu na mji ipo shule ya wasioona ya Irente. Huko Magamba kilifunguliwa mwaka 2007 chuo kikuu kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikafundisha elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Na katika milima hiyo hiyo, upande wa Korogwe, ipo hospitali ya Lutindi, ambayo imepokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904. Haja ya makala za saikolojia hapo si anasa ya wasomi.

Huenda msomaji akauliza, mambo haya yanahusu nini jarida la lugha? Si kazi ya wakutubi? Jibu langu ni kwamba kanzidata haitafuti mambo, yatafuta maneno. Mashine haijui huzuni wala hofu. Yajua herufi zilizopangwa kwa namna fulani, na ikipewa herufi nyingine hunyamaza. Basi kosa la mashine hii ni kosa la lugha, na wa kulipima ni mtaalamu wa lugha.

Kwanza tuipe kazi hii haki yake. Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilianza kutoa jarida la ikisiri mwaka 1927, ili msomi asilazimike kusoma kila kitu ndipo ajue kilichoandikwa. Ikisiri hizo ziliingizwa katika kompyuta kuanzia mwaka 1967, na toleo la karatasi likakoma mwaka 2006. Mwaka 1974 ilitolewa kamusi ya istilahi za fahirisi, na hiyo kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora ya kazi yote. Si kamusi ya kueleza maana tu. Kila istilahi imeonyeshwa neno lililo pana kuliko yenyewe, neno lililo finyu zaidi, na maneno jirani. Na majina yaliyoachwa yamewekewa alama ya kumrudisha msomaji kwenye jina lililochaguliwa. Mtunzi wa kamusi yeyote wa Kiswahili angejifunza mengi kwa kuitazama.

Namna ya kutafuta nayo ni nyepesi. Yapo maneno matatu ya kuunganisha, yatokanayo na mantiki ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19. AND hudai maneno yote mawili yawepo, OR huridhika na lolote kati yake, NOT hulifukuza lisilotakiwa. Maneno yakitiwa ndani ya alama za mtajo hutafutwa kwa pamoja kama kirai kimoja. Na kinyota mwishoni mwa shina hukusanya miisho yote: mtu akiandika Tanzania na kinyota, atapata na makala zenye sifa ya Kiingereza "Tanzanian", kama ile ya Robert Sternberg na wenzake ya mwaka 2002 juu ya kupima uwezo wa akili wa watoto wa shule, iliyotokana na utafiti wa Bagamoyo.

Hapo hapo kwenye kinyota ndipo kasoro ya kwanza inapojificha. Kinyota kimezaliwa katika lugha ambazo neno hubadilika mkiani. Kiingereza husema "teach, teacher, teaching", na kinyota kimoja huyazoa yote. Lugha zetu za Kibantu hubadilika kichwani. Mtoto, watoto, utoto. Mwalimu, walimu, ualimu. Anafundisha, walifundisha, hawatafundishwa. Ili kuyakusanya haya kinyota kingepaswa kukaa mwanzoni mwa neno, na kanzidata nyingi hazikiruhusu kikae hapo. Mtu aweza kusema kwamba hili halidhuru, maana makala zenyewe ni za Kiingereza. La, ladhuru, kwa sababu majina ya watu wetu, ya lugha zetu na ya nchi zetu yameingia katika makala hizo pamoja na viambishi vyake, au yamenyang'anywa viambishi, kwa kadiri ya mazoea ya kila mwandishi.

Tuchukue jina la Wasambaa wenyewe. Krapf, aliyefika Vuga kwa Kimweri mwaka 1848, aliiita nchi Usambara, na r hiyo imebaki katika ramani hadi leo. Wajerumani Johanssen na Döring, walipotoa mithali za watu hawa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliwaita Schambala. Karasek, ambaye maandiko yake yalianza kuchapishwa mwaka 1911, aliwaita Waschambaa, kiambishi kikiwa palepale. Winans katika kitabu chake cha mwaka 1962 aliandika Shambala. Feierman mwaka 1974 akaandika Shambaa. Sisi katika Kiswahili twasema Wasambaa. Jina ni moja, watu ni wamoja, na kwa mashine haya ni makabila sita yasiyojuana.

Mwanafunzi wetu akiandika Shamba na kinyota atapata Shambaa na Shambala, lakini Sambaa na Usambara zitabaki nje, na Waschambaa vilevile. Juu ya hayo atazolewa kila makala ambamo mwandishi wa Kiingereza ametumia neno letu "shamba". Akiandika Shambala peke yake, huenda akajikuta katika maandiko juu ya kutafakari, kwa kuwa wapo wanaoliandika hivyo jina la nchi ya ngano ya Mabudha wa Tibeti. Akiandika Usambara katika kanzidata ya jumla atapewa ndege, vyura na mimea, pamoja na lile ua dogo la zambarau ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia kwa heshima ya ofisa Mjerumani. Elimu ya viumbe imeitangaza Usambara kuliko elimu ya nafsi.

Tena si jina la watu tu. Lushoto yenyewe iliitwa Wilhelmstal zama za Wajerumani, na nchi ikaitwa Tanganyika hadi mwaka 1964. Kitu cha kutazamwa ni makala ya Louise Aall-Jilek ya mwaka 1965 juu ya kifafa huko Mahenge. Katika kichwa chake watu wanaitwa Wapogoro, na nchi Tanganyika. Mtu akitafuta kwa vichwa vya makala, akaandika Pogoro na Tanzania kama ilivyo desturi ya leo, jina la watu litampita kwa sababu ya kiambishi, na jina la nchi litampita kwa sababu ya historia. Waweka fahirisi hujitahidi kuziba pengo hili kwa kuandika mahali pa utafiti katika sehemu maalumu ya rekodi, na hilo ni jambo la kusifiwa; lakini mahali hapo aghalabu ni nchi nzima, wala si mlima wala wilaya.

Kasoro ya pili ni ngumu zaidi, nayo ni majina ya maradhi na ya hali za moyo. Kamusi ya istilahi imejengwa juu ya mgawanyo wa dhana kama ulivyo katika Kiingereza. Kiingereza kina "depression". Katika Kiswahili wataalamu wametupa "sonona", lakini mtu wa kawaida husema ana mawazo, au moyo wake mzito, au amenyong'onyea. Maneno haya si visawe vya neno moja. Aliye na mawazo aweza kuwa anadaiwa. Aliyenyong'onyea huenda ana homa. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya orodha ya maswali ya kupimia huzuni na wasiwasi, waliyoijaribu kwa akina mama wajawazito wa Dar es Salaam wenye virusi vya UKIMWI. Maswali yaliulizwa kwa Kiswahili. Kichwa cha makala chataja orodha kwa jina lake la Kiingereza, chataja na Tanzania. Kiswahili, ambacho ndicho kilichobeba utafiti wote, hakimo katika kichwa hicho. Mwanaisimu atakaye kujua "sadness" iliulizwa kwa neno gani hana mlango wa kuingilia, ila asome makala moja baada ya moja.

Ipo na mifano mizuri. Mwaka 1996 Makemba na wenzake waliandika juu ya matibabu ya degedege wilayani Bagamoyo, na neno "degedege" wakaliweka katika kichwa cha makala yao. Hawakulifasiri likapotea, kwa sababu walijua kwamba mzazi asemaye degedege na daktari asemaye malaria kali hawasemi jambo moja, na kwamba mtoto aweza kufa katika pengo hilo. Leo anayetafuta kwa neno hilo la Kiswahili hufika moja kwa moja. Neno la wenyeji likiheshimiwa katika kichwa, huwa ufunguo kwa wote.

Lutindi yatufundisha jambo la tatu, kwamba hata lugha ya wenye fahirisi hubadilika. Nyumba ile ilianza mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani, kisha ikawa ya wagonjwa. Katika Kijerumani cha zama zile mahali pa namna hiyo paliitwa "Irrenanstalt". Kiingereza cha wakoloni kilisema "asylum". Baadaye ikawa "mental hospital", na leo wengi hupendelea "psychiatric hospital". Majina ya zamani yaliachwa kwa kuwa yaliwadhalilisha wagonjwa, na ni vema yakaachwa. Lakini mtafutaji akiona haya kuyaandika, hataisoma historia ya Lutindi. Lazima ayaandike majina aliyoyakataa moyoni.

Basi mwanafunzi wa Lushoto afanyeje? Kabla ya kugusa kompyuta, na aandike karatasini majina yote ya kitu anachokitafuta: ya wenyeji, ya Wajerumani, ya Waingereza, yenye viambishi na yasiyo navyo. Majina ya watu na mahali ayaunge kwa OR na kuyatia katika mabano. Maneno ya akili na moyo ayaunge hivyo hivyo katika mabano mengine. Kisha mabano mawili ayafunge kwa AND. Akipata makala moja iliyo sahihi, atazame istilahi zilizobandikwa juu yake na kutafuta tena kwa hizo. Tena asitosheke na kanzidata moja. PubMed, ambayo ni ya tiba, iko wazi bila malipo. Na ajue kwamba vitabu vina njia yake: kitabu cha Feierman cha mwaka 1990 chenye maelezo marefu ya fikra za Wasambaa juu ya kuponya nchi na kuidhuru hakina jina la Wasambaa katika kichwa chake; kimeandikwa Tanzania tu.

Asisahau na maandishi ya Kiswahili. *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi, iliyohaririwa na J. W. T. Allen na kutolewa mwaka 1962, yaanza na Mbega, ambaye alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa hilo jamaa zake wakamwogopa na kumchukia. Anayechunguza jinsi jamii inavyomtenga mtoto hana ushahidi wa kale ulio bora katika milima hii. Sisemi kwamba kanzidata ya makala ilipaswa kukiingiza kitabu hicho. Nasema kwamba neno "kigego" halimo katika kamusi yoyote ya fahirisi, na mtu asiyelijua hataambiwa na mashine kwamba lipo.

Lawama isiwe ya wageni peke yao. Majarida yetu ya Kiswahili yamechapisha makala nyingi bila ikisiri, na bila maneno ya fahirisi katika lugha yoyote. Ni nani atakayetuona gizani? Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila makala iwe na ikisiri kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na majina ya watu na mahali yatajwe kwa tahajia zake zote walau mara moja. Pili, TATAKI na BAKITA, wakishirikiana na wanasaikolojia wetu, watunge kamusi ya istilahi za fahirisi kwa Kiswahili. Isiwe tafsiri ya ile ya Marekani, bali ianze na mawazo, degedege na kigego, ionyeshe upana na ufinyu wa kila neno, ndipo ielekeze kwenye istilahi za Kiingereza zinazokaribiana nalo.

Kazi hiyo ni ya miaka, na gharama zake si ndogo. Lakini tuipime na hasara ya kukosa. Mwanafunzi anapoandika katika tasnifu yake kwamba "hakuna utafiti uliofanywa juu ya jambo hili Usambara", sentensi hiyo hunakiliwa na anayefuata, na baada ya vizazi vitatu vya wanafunzi huwa kweli isiyoulizwa. Mwalimu na hakimu hufanya kazi zao kana kwamba hakuna aliyewahi kufikiri kabla yao. Kumbe yalikuwapo, na yaliitwa kwa jina jingine.