Mcheza Kwao

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliyaweka mambo hayo mawili chini ya paa moja. Shule zetu nyingi zimeyatenganisha. Mtoto huitwa ngomani siku mgeni anapofika. Mgeni akiondoka, ngoma hurudi ghalani.

Kasoro hiyo ilipata jibu kijijini Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando, hawakwenda na mchezo mkobani. Walikaa na wanakijiji, wakauliza linalowasumbua. Likatajwa suala la wasichana wanaopata mimba wangali shuleni. Suala hilo likatungiwa igizo kwa ngoma za pale pale, kisha watazamaji wakalijadili.

Ubora wa kazi ile ni ubia wake: chuo kilileta ufundi, kijiji kikaleta hoja na sanaa yake. Udhaifu wake ni kwamba mtaalamu hana budi kuondoka.

Basi Nyamwage isisubiri msafara. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, limerahisisha safari ya Dar es Salaam. Lakini manju wa Rufiji hahitaji kuvuka daraja kuifikia shule ya kijijini kwake. Mwalimu na amwalike darasani. Naye manju akubali vijana watunge yao, hata yakimchoma. Kijana anayeruhusiwa kucheza tu, asitunge, ameazimwa sanaa, hakurithishwa.

Mcheza kwao hutunzwa, mradi uwanja uwe wake kweli.